Kamera Mpya, Lenzi Gani? Usikimbilie Kutuma Pesa

Umenunua kamera yako ya kwanza, unataka kupiga picha za wageni na harusi kuanzia Diani hadi Msambweni. Hongera! Sasa kila mtu anakwambia uongeze lenzi. Kabla hujagusa akiba, tuongee kidogo.

1. Anza na uliyo nayo. Lenzi ya 18–55 mm inayokuja na kamera nyingi inatosha kuchukua ufuo na familia nzima. Itumie mwezi mmoja, uone ni picha gani zinakushinda.

2. Nunua unachokosa. Sura za watu, au ukumbi wenye mwanga hafifu? Tafuta 50 mm f/1.8: bei yake si kali na inaingiza mwanga mwingi. Mbega juu ya miti ya Diani, au pomboo wa Kisite? Hapo unahitaji inayovuta mbali, kama 70–300 mm.

3. Ijaribu kwanza. Lenzi ya Nikon haiingii moja kwa moja kwenye kamera ya Canon. Kama ni ya mtumba, imulike kwa tochi: unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya kioo, na huo hautoki kwa kupangusa nje.

4. Lipa mwisho. Muuzaji akisema, "Tuma kidogo nikuwekee, kuna mwingine anaitaka," mwambie mkutane kwanza. Ifunge kwenye kamera yako, piga picha mbili tatu. Ikikuridhisha, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni lake, ndipo utume. Ile SMS usiifute. Ndiyo risiti yako.

Lenzi nyingine itapatikana. Pesa ikishaenda kwa tapeli, kuirudisha ni kazi.