Aliyebaki Kwenye Kamba

Makala haya yalianza kama kazi ya semina. Muhula uliopita, katika somo la ushauri na unasihi, kila kundi lilipewa mada ya kuwasilisha mbele ya darasa. Sisi tuliangukiwa na maombolezo baada ya mtu kujiua. Wenzangu walitaka tubadilishane na kundi lililopata utoro shuleni. Nilikataa, na sababu waliijua. Miezi miwili kabla, katika nyumba tunayopanga huku Kibamba, dada mmoja wa chumba cha pili, mwanachuo kama sisi, alikuwa amejitoa uhai.

Sitaeleza alifanyaje. Mtaona mbele kwa nini. Ninachotaka kueleza ni yaliyofuata.

Kwenye kundi la wasapu la darasa lake iliandikwa "amefariki ghafla". Kwenye kundi letu la wapangaji mtu akaandika "kisa mapenzi". Mwingine akasema hapana, kisa ni sapu mbili na hofu ya kudisko. Wa tatu akaleta habari za bumu kuchelewa. Mama mwenye nyumba akatuita uani, akasema, "Wanangu, hayo tusiyaseme, tumwachie Mungu." Alikuwa na nia njema, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka. Basi, tukachanga rambirambi, wachache wakasindikiza mwili mkoani, maisha yakaendelea.

Katika siku zote hizo kila mtu aliuliza habari za marehemu. Hakuna aliyemuuliza chochote mwenzake wa chumba, binti aliyekuwa amelala chini yake kwenye dabo deka kwa miaka miwili, wakichangia jiko moja la gesi na ndoo moja ya maji. Alirudi kutoka mazishini, akafagia chumba, Jumatatu akaingia darasani. Tukasema yule dada ni mgumu. Tulidhani tunamsifu.

Neno hilo ndilo lililotufikisha milimani. Kundini kwetu kuna kijana ambaye kaka yake ni mpagazi Kilimanjaro, na kule wapagazi wenyewe huitwana wagumu. Akatuambia kwamba sifa hiyo ina gharama: mgumu haruhusiwi kusema amechoka, achilia mbali kusema ana uchungu. Kisha akatuletea habari ya mpanda milima mmoja wa Marekani. Tukaikubali kuwa mfano wetu wa semina, kwa sababu ule wa Kibamba ulikuwa bado mbichi mno kuujadili kwa slaidi.

Huyo kijana aliitwa Hayden Kennedy. Kwa wapanda milima wa kizazi chake lilikuwa jina kubwa. Mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 21, yeye na Jason Kruk walipanda Cerro Torre, mnara wa mwamba na barafu huko Patagonia, na wakati wa kushuka waling'oa misumari zaidi ya 100 iliyokuwa imepigiliwa ukutani tangu mwaka 1970. Ulizuka ugomvi mkubwa, maana wengine waliiona misumari ile kama historia na wengine kama uharibifu. Mwaka huohuo alifika kilele cha Ogre nchini Pakistan, chenye mita 7,285, pamoja na rafiki yake Kyle Dempster. Niwakumbushe kwamba Kilimanjaro yetu ina mita 5,895, na kwa njia ya Marangu unapanda kwa miguu na fimbo. Kule wenzetu hufungwa kamba moja. Mmoja akiteleza, mwingine ndiye anayemshika, na akishindwa kumshika wanakwenda wote.

Agosti 2016 Kyle Dempster na Scott Adamson walipotea kwenye mlima mwingine wa Pakistan na hawakuonekana tena. Kennedy hakuwa nao. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, aliandika insha kuhusu marafiki aliowapoteza milimani. Watu waliisoma wakaona kijana aliyekomaa, anayejua kuutaja uchungu kwa jina lake. Tarehe 7 Oktoba 2017, wiki chache tu baadaye, alikuwa mlimani katika jimbo la Montana na mpenzi wake, Inge Perkins, wakiteleza juu ya theluji. Maporomoko ya theluji yakawakumba. Yeye akanusurika, Inge, aliyekuwa na miaka 23, akafukiwa na kufa. Siku iliyofuata Kennedy alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 27.

Kuna jambo lililonikaba nilipolisoma. Inge Perkins alikuwa anamalizia shahada ya kwanza, hisabati na ualimu. Mwanachuo wa elimu, kama mimi na kama wengi mnaosoma gazeti hili. Na Kennedy alikuwa amehamia mji wa chuo chake, akijifunza kuwa mhudumu wa dharura, yule anayekuja na gari la wagonjwa. Yaani alikuwa anasomea kuokoa watu. Jamani, tusije tukadhani kwamba anayesaidia wengine, au anayejua kueleza maumivu yake vizuri, ndiyo ameshapona. Mimi naandika mashairi ya huzuni tangu kidato cha pili na najua kabisa kwamba kuandika na kupona ni vitu viwili.

Sasa, wazazi wake walifanya jambo ambalo nyumbani kwetu lingekuwa gumu. Baba yake, Michael Kennedy, naye alikuwa mpanda milima mashuhuri na mhariri wa muda mrefu wa majarida ya upandaji. Familia ilitoa taarifa na kusema wazi kilichotokea. Hawakusema "ghafla". Walieleza kwamba mtoto wao alinusurika theluji lakini hakunusurika uchungu wa kumpoteza mwenzake, na kwamba aliyamaliza maisha yake mwenyewe. Wapanda milima duniani kote wakaomboleza wakijua wanaomboleza nini.

Kwa ukweli wao nawavulia kofia. Lakini kwenye semina ndipo tulipoanza kubishana, na ubishi wenyewe ulikuwa mzuri. Mwenzetu mmoja alisema, "Hii ni mapenzi ya kweli, kama Romeo na Juliet." Darasa likaguna kwa kukubali. Mhadhiri akamuuliza, "Na mwanafunzi wako wa kidato cha tatu aliyeachwa jana, akikusikia unasema hivyo, atajifunza nini?" Kimya.

Hapo ndipo nililielewa neno letu "kisa". Waingereza wana mjadala wao kuhusu kitenzi wanachotumia, kwamba kinafanya kujiua kusikike kama kutenda jinai. Sisi neno letu, kujiua, halina shida hiyo. Shida yetu iko kwenye vichwa vya habari na kwenye makundi ya wasapu: "Ajiua, kisa mapenzi." "Ajiua, kisa mtihani." Kiswahili kinaliita kisa, na kisa ni sababu na pia ni hadithi. Ukishatoa kisa umeshatunga hadithi yenye sababu moja, na msikilizaji mwenye sababu kama hiyo anaingia ndani yake kama mhusika. Watafiti wa jambo hili hawaoni sababu moja. Wanaona mambo mengi yaliyosukana: ugonjwa wa sonona, kilevi, upweke, deni, msiba juu ya msiba, na saa ile mbaya ambayo mtu anajikuta peke yake. Kennedy alikuwa na mwaka mzima wa misiba kabla ya ule wa mwisho. Tukisema "kisa mapenzi" tunafuta yote hayo, tunabakiza picha nzuri.

Na picha nzuri ni hatari. Mwaka 1974 mtafiti David Phillips alionyesha kwamba habari za kujiua zikipewa uzito mkubwa magazetini nchini Marekani, vifo vya namna hiyo viliongezeka. Akaiita hali hiyo athari ya Werther, kwa jina la mhusika wa riwaya ya Goethe ya mwaka 1774, kijana anayejiua kwa ajili ya mapenzi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linawashauri wanahabari wasieleze njia iliyotumika, wasipambe, wasitoe sababu moja. Na ndiyo maana sijawaambia, wala sitawaambia, ya Kibamba.

Lakini wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba dawa ni kunyamaza. Si kweli. Mwaka 2010 Thomas Niederkrotenthaler na wenzake huko Austria walichapisha utafiti wa habari za magazeti, wakakuta upande wa pili: habari za mtu aliyewahi kufikiria kujiua kisha akavuka ziliendana na kupungua kwa vifo. Waliiita athari ya Papageno. Papageno ni mhusika wa opera ya Mozart ya mwaka 1791. Anadhani amempoteza mpenzi wake milele, anataka kufa, na vijana watatu wanakuja kumkumbusha kwamba bado ana kengele zake za kupiga. Anapiga, anaishi. Hawakumhubiria dhambi wala hawakumwita mgumu. Walifika kwa wakati, basi.

Kufika kwa wakati ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Ile hali ya kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka kama homa. Mtu akivushwa usiku mmoja akiwa na mwenzake kando, na vitu vya hatari vikiwa mbali naye, kesho yake mara nyingi ni nyingine. Simlaumu yeyote wa Montana kwa usiku ule. Nasema tu kwamba sisi tuna misiba ambayo mtu wa kukaa naye yupo, analala chumba cha jirani, na hatusogei.

Wapanda milima wenyewe walianza kuamka. Mwaka 2018 mpandaji Madaleine Sorkin, pamoja na chama cha wapanda milima cha Marekani, alianzisha mfuko wa kuwasaidia waliofiwa kupata tiba ya kisaikolojia. Watu ambao miaka yote walinunua kamba bora wakakubali kwamba aliyebaki kwenye kamba naye ameumia, hata kama hana mchubuko. Mwanasaikolojia Edwin Shneidman alilisema hilo zamani: kuwahudumia waliobaki ni kinga ya vifo vijavyo, kwa sababu waliofiwa kwa njia hii wako katika hatari zaidi kuliko wengine.

Kwetu kuna vizuizi ambavyo wao hawana. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Aliyenusurika anaamka hospitali akiogopa polisi, na familia inaficha. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikatamka kwamba kinapingana na katiba. Sisi tunasubiri nini, sijui. Kuhusu dini, ambayo mama mwenye nyumba aliitaja kwa hofu, nimekuta huruma kubwa kuliko tunavyodhani: Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inasema Kanisa huwaombea watu hao, na wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaruhusu wasaliwe. Wanaokataza watu wasilie mara nyingi ni majirani.

Tuliwasilisha, tukapata alama nzuri, darasa likapiga makofi. Mimi nikarudi Kibamba jioni ile nikiwa na aibu. Nilikuwa nimezungumza dakika ishirini juu ya mtu wa Montana, na binti wa chumba cha pili sijamwambia hata neno moja zaidi ya "pole" na "mambo".

Nilimkuta uani anafua. Nikavuta ndoo nikakaa. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kumuuliza mtu waziwazi hakumtii wazo kichwani. Kama lipo, lipo tayari, na swali humpa nafasi ya kulitua. Kufundishwa ni rahisi. Nilizunguka kwanza na habari za maji na luku, kisha nikamuuliza hivi hivi: "Tangu msiba ule, umewahi kufikiria kujiua?"

Aliendelea kusuuza blauzi ileile muda mrefu. Halafu akasema, "Mara mbili. Nilijua hakuna atakayeniuliza."

Sikujua la kusema, na nadhani ilikuwa heri. Usiku ule nililala kwenye kitanda cha juu, kile ambacho hakuna mtu alikuwa amekigusa. Kesho yake tulipanda daladala pamoja, tukakaa foleni ya kliniki ya afya ya akili mpaka mchana. Kumbe hata kujaza fomu mtu aliye katika hali hiyo anahitaji wa kumshikia kalamu. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na ofisi ya mlezi wa wanafunzi chuoni ni mahali pa kuanzia kama huna mtu wa kukusindikiza. Ukiwa na hali hiyo wewe unayesoma hapa, mwambie mtu leo, na umtajie kwa jina lake, usiseme "nipo nipo tu". Asipokuelewa, mwambie wa pili.

Anaendelea na matibabu. Huwa namsindikiza mimi, au dada wa chumba cha nne, kwa zamu, na mama mwenye nyumba hutupa nauli siku bumu likikata. Kuna siku mbaya bado. Jumapili iliyopita alikuwa anapika, akaanza kunisimulia jinsi marehemu alivyokuwa akiunguza wali kila wiki kisha kusingizia gesi. Alicheka, akalia kidogo, akacheka tena. Wali ukaungua. Tukaula.