Kwa Nini Kipa Humwita Beki Apige Golikiki?

Jioni, jua linapoanza kulegea juu ya mabati ya Nkuhungu, hapa Dodoma, viwanja vya vumbi hujaa vijana. Simama pembeni utazame kitu kimoja tu. Mpira umetoka nje ya mstari wa goli. Kipa anautenga, anarudi nyuma hatua tatu, anautazama, kisha anampungia mkono beki wa kati: "Kaka, njoo unipigie." Beki anakuja, anaubutua hadi katikati ya uwanja. Dakika chache baadaye kipa yuleyule anadaka krosi, anakimbia hadi ukingoni mwa eneo lake, anauachia mpira kutoka mikononi na kuupiga. Unapaa, unapita vichwa vya wote, unatua ndani kabisa ya nusu ya wapinzani.

Mguu ni uleule na mpira ni uleule. Mbona kazi moja aiweze na nyingine imshinde?

Wamarekani, katika ule mchezo wao wa mpira mrefu kama yai, swali hili wamelijibu kwa kuajiri watu wawili. Mmoja hupiga mpira anaouachia kutoka mikononi, ili uende mbali na juu. Mwingine hupiga mpira ulioshikiliwa chini na mwenzake, ili upite kati ya milingoti miwili. Timu ya ligi yao kuu huwa na wachezaji 53, na wawili kati yao huishi kwa mateke tu. Sisi timu zetu za mtaa siku nyingine hata kumi na moja hawatimii. Kwa hiyo swali la kama mtu mmoja anaweza kuzibeba kazi zote mbili linatuhusu sisi kuliko wao.

Tuanze na teke lenyewe.

Mpira wa saizi ya kawaida una uzito wa gramu 410 hadi 450 na mzingo wa sentimita 68 hadi 70. Ukiupigia hesabu mzingo huo utapata upana wa sentimita 22 hivi, yaani kutoka katikati ya mpira hadi ngozi yake ni sentimita 11. Ishike vizuri namba hiyo ya 11, tutaihitaji.

Mguu na mpira hugusana kwa karibu sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndani ya muda huo mpira unabonyea, unajikunjua, unaondoka. Tuseme unaondoka kwa mita 25 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 90 kwa saa. Chukua kilo 0.43, zidisha kwa 25, gawa kwa 0.01: unapata nyutoni 1,075, sawa na uzito wa mtu wa kilo 110 akikusimamia juu ya mgongo wa mguu. Ndiyo maana mguu uliolegea kwenye kifundo haupeleki mpira mbali. Nguvu inapotea kwenye kifundo kinachoyumba. Hadi hapa, mpira wa kutenga na mpira wa mikononi havina tofauti yoyote. Paja linalosukuma ni lile lile, na goti linalofyatuka ni lile lile.

Tofauti inaanza tukiuliza mguu ulikuwa unaelekea wapi ulipokutana na mpira.

Funga jiwe kwenye kamba, ulibembeze. Likifika chini kabisa linakwenda mlalo, sambamba na ardhi. Halielekei juu hata kidogo. Likishapita pale chini ndipo linapoanza kupanda, na kadiri kamba inavyoinuka ndivyo mwelekeo wa jiwe unavyoelekea angani. Mguu wa mtu ni kamba hiyo, ikining'inia kutoka kwenye nyonga. Tuupe urefu wa sentimita 90. Ili unyayo uwe unaelekea juu kwa digrii 40, mguu lazima uwe umeshapita wima kwa digrii 40. Ukipiga hesabu ya pembetatu, hapo unyayo umeshainuka sentimita 21 kutoka pale chini. Mguu wa kweli una goti linalokunjuka, na mwili nao huinuka, kwa hiyo sentimita zitabadilika kidogo kwa kila mtu. Kanuni haibadiliki: mguu unaoelekea juu ni mguu ambao tayari uko juu.

Sasa rudi kwa kipa. Anapouachia mpira kutoka mikononi, anaweza kuukuta mahali popote anapotaka, usawa wa katikati ya muundi au hata wa goti. Anaukuta pale ambapo mguu wake wenyewe umeshaanza kupanda. Hahitaji ujanja wowote wa kuuinua, kwa sababu mwelekeo wa mguu ndio mwelekeo wa mpira.

Mpira uliotengwa umekaa ardhini. Kitovu chake kiko sentimita 11 tu juu ya vumbi, na mguu unaufikia ukiwa bado unakwenda mlalo, au karibu na mlalo. Ukiupiga katikati, utaondoka mlalo na kumgonga mshambuliaji wa kwanza miguuni. Ili uinuke, lazima uguswe chini ya kitovu, kwa mgongo wa mguu ulionyooshwa, vidole vikipita milimita chache juu ya ardhi. Mguu wa kusimamia nao lazima ukae ubavuni mwa mpira, nyuma kidogo, na mwili uegemee nyuma. Hapo ndipo kijana anapoogopa. Akishuka kidogo zaidi, anachimba ardhi kwa vidole, na ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi ni ngumu kama sakafu. Akipanda kidogo, mpira haunyanyuki. Kipa anayemwita beki hana mguu dhaifu. Hajajifunza kupita katika upenyo huo mdogo kati ya mpira na ardhi, na beki wake amejifunza.

Utaniambia basi mpira wa mikononi ndio rahisi. Ni rahisi kuuinua, lakini una mtego wake, na mtego huo uko mkononi.

Kipa anauachia mpira usawa wa kiuno, kama mita moja kutoka ardhini, na anaupiga ukiwa sentimita 40. Umeanguka sentimita 60. Kitu kinachoanguka umbali huo hutumia sekunde 0.35, na mwishoni kinashuka kwa mita 3.4 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba katika kila sehemu moja ya mia ya sekunde mpira unashuka sentimita 3.4. Kipa akichelewa kwa muda huo mdogo, ambao ni mfupi kuliko kupepesa jicho, mguu utagusa sentimita 3.4 mbali na pale alipokusudia. Sasa ikumbuke ile 11. Kwenye tufe lenye nusu upana wa sentimita 11, kukosea kwa sentimita 3.4 ni kuhamisha mahali pa kugusa kwa karibu digrii 18. Teke lililokusudiwa kwenda digrii 40 linageuka mshale unaokwenda wima na kurudi kichwani mwa mabeki, au linakwenda chini na kutoka nje pembeni.

Mpira wa kutenga hauna kosa hilo. Umetulia pale unakusubiri. Ukichelewa kukimbia, unachelewa tu, na mpira haujahama. Kosa lake ni la mahali na la mwelekeo. La mikononi ni kosa la saa.

Huu ndio moyo wa jambo lote. Mpigaji wa mpira wa mikononi ana viungo viwili vinavyofanya kazi: mkono unaoachia na mguu unaopiga. Makocha wengi wa mtaani hukazana na mguu, "Piga kwa nguvu! Nyoosha!", na mkono hawautazami kabisa. Kipa anautupa mpira juu kwanza, au anauachia kwa mikono miwili isiyo sawa nao ukaanza kuzunguka, au anauachia mbali na mwili. Nimekaa pembeni ya viwanja hivi jioni nyingi, na teke baya la mikononi karibu kila mara nililiona limeharibika kabla mguu haujafika.

Kati ya mpira ulioanguka na mpira uliotulia kuna ndugu wa tatu, na wa kumtafuta yuko kwa majirani zetu Kenya. Katika raga ya wachezaji saba, mchezo unaanzishwa kwa kuuachia mpira uguse ardhi kisha upigwe unapoinuka. Pointi za nyongeza baada ya kufunga hupigwa hivyohivyo. Mpira umeanguka kama wa mikononi, umegusa ardhi kama wa kutenga. Shujaa, timu ya Kenya iliyoitandika Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya Singapore mwezi Aprili 2016, haikuwa na nafasi ya kubeba mtaalamu wa mateke anayekaa benchi kusubiri. Ukiwa na watu 7 uwanjani, anayepiga ni yuleyule anayekimbia na kukaba. Kwenye raga ya watu 15 pia, namba 10 mara nyingi hupiga mpira wa mikononi wa kusogeza eneo na papo hapo ndiye mpigaji wa penalti zilizotengwa. Jonny Wilkinson wa Uingereza alizifanya zote mbili kwa miaka, na Kombe la Dunia la raga la 2003 aliliamua kwa teke la kudundisha la mguu wa kulia, ilhali yeye ni wa kushoto.

Hata Marekani kwenyewe wamewahi kupita wanaume wa namna hiyo. Frank Corral wa Los Angeles Rams alibeba kazi zote mbili msimu wa 1980 na wa 1981. Kwa hiyo mwili haukatai. Kilichowatenganisha ni uwezo wa kulipa watu wawili, pamoja na hofu ya kuchosha msuli mkubwa wa mbele ya paja, ambao ndio hubeba mzigo wa kila teke la nguvu na ukichanika mpigaji hukaa nje wiki kadhaa.

Kwenye soka letu mifano iko mikubwa zaidi. Rogério Ceni wa São Paulo alifunga zaidi ya mabao 120 kwa frikiki na penalti akiwa kipa. José Luis Chilavert wa Paraguay alifunga penalti tatu katika mechi moja mwaka 1999 akiichezea Vélez Sarsfield. Kwetu Afrika, Vincent Enyeama wa Nigeria alikuwa mpigaji wa penalti akiwa Hapoel Tel Aviv. Wote hao, mpira uliotua mikononi mwao waliupiga kwa teke la kuachia kama kipa mwingine yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Dodoma anapaswa kulijua, nalo ni hewa yake. Mpira unaokwenda mita 25 kwa sekunde unarudishwa nyuma na hewa kwa nguvu ya nyutoni 3 hadi 4, wakati uzito wake wote ni nyutoni 4 na kidogo. Hewa inauvuta nyuma karibu sawa na ardhi inavyouvuta chini! Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam. Teke lilelile litafika mita chache mbele zaidi katika Uwanja wa Jamhuri kuliko katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, na mpira wa kuzungusha utapinda pungufu kidogo kuliko kule pwani.

Wamarekani wana mji wao wa hewa nyepesi, Denver, mita 1,600 juu ya bahari. Teke refu kuliko yote la mikononi katika ligi yao lilipigwa huko na Steve O'Neal mwaka 1969: yadi 98, karibu mita 90 pamoja na kudunda. Katika mpira wa kutenga, rekodi ya yadi 63 iliyowekwa mwaka 1970 ilifikiwa Denver na Jason Elam mwaka 1998, ikafikiwa tena Denver na Sebastian Janikowski mwaka 2011, na mwaka 2013 Matt Prater akaivuka, Denver hiyohiyo, kwa yadi 64. Hewa nyepesi haichagui aina ya teke.

Upepo ndio unaochagua. Mpira uliopigwa digrii 40 kwa mwendo wetu ule unakaa angani karibu sekunde tatu, na upepo wa kiangazi unaovuma kutoka mashariki unausukuma muda wote huo. Mpira wa chini, wa haraka, upepo haupati muda wa kuufanyia kitu. Kipa anayezijua kazi zote mbili ana silaha mbili hapa: akiwa na upepo mgongoni aupaishe kutoka mikononi, akiwa anaukabili autenge na kuupeleka chini. Ila hata mpira wa kutenga, ukipaishwa, upepo huubeba: mwezi Januari 2021 kipa Tom King wa Newport County, timu ya Wales, alipiga golikiki ikisaidiwa na upepo, ikadunda mbele ya kipa wa wapinzani na kuingia wavuni, mita 96 kutoka alipoitenga.

Basi, makocha wa Nkuhungu, mtu mmoja anaweza. Ila msimfundishe kana kwamba ni kazi moja. Siku moja mpeni mipira kumi ya kuachia, na anayesimama karibu naye autazame mkono tu, asiutazame mguu. Siku ya pili mpeni kumi ya kutenga, mahali palipofagiliwa kokoto, aanze taratibu hadi hofu ya kuchimba ardhi imtoke. Kila mpira unapotua wekeni jiwe. Mawe ya kuachia yakitawanyika mbele na nyuma, saa yake bado. Mawe ya kutenga yakilundikana karibu, bado anapiga katikati. Simu yenye kamera ya kupunguza mwendo itawaonyesha kilichotokea katika ile sehemu moja ya mia ya sekunde. Fanyeni hivyo mwezi mzima kabla hamjaamua kwamba golikiki ni kazi ya beki.