Asidi ya Nikotini: Kutoka Buni ya Karatu hadi Chungu cha Makande

Katika miteremko ya Oldeani, kati ya Karatu na Ngorongoro, hulimwa kahawa aina ya arabika. Na mashamba ya jirani hustawisha mahindi na maharage. Mazao haya yote yanahusiana na kampaundi moja, yaani asidi ya nikotini, ambayo ni vitamini ya kundi B.

Umbo lake

Piridini ni pete ya atomu 5 za kaboni na 1 ya naitrojeni. Tukihesabu kuanzia naitrojeni na kuliweka kundi la kaboksili, –COOH, kwenye nafasi ya 3, tunapata asidi ya nikotini, C₆H₅NO₂. Kundi hilo likiwa kwenye nafasi ya 4, hupatikana asidi ya isonikotini. Hidrazidi yake ni isoniazidi, dawa ya kifua kikuu iliyoanza kutumika mwaka 1952.

Katika kahawa

Buni mbichi ina trigonelini, C₇H₇NO₂, kiasi cha asilimia 1 ya uzito wake mkavu. Hii ni asidi ya nikotini ambayo naitrojeni yake imebeba kundi la methili. Mwili hauitumii kama vitamini. Buni ikikaangwa kwenye joto la nyuzi 200 hivi za Sentigredi, sehemu ya trigonelini hupoteza methili na kuwa asidi ya nikotini. Kikombe kimoja huweza kutoa miligramu 1 hadi 3. Mtu mzima huhitaji 14 hadi 16 kwa siku.

Katika mahindi

Humo asidi imefungamana na kabohaidreti, hata utumbo hushindwa kuifungua. Wenyeji wa Meksiko huchemsha mahindi katika maji ya chokaa, na alikali huvunja kifungo hicho. Alaye ugali mtupu kwa miezi mingi huweza kupata pelagra: ngozi hubabuka, tumbo huharisha, akili huvurugika, na asipotibiwa hufa. Mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi waliugua hivyo baada ya karanga kukosekana katika mgao wao.

Makande yana kinga yake. Maharage yana triptofani, na mwili hugeuza kiasi cha miligramu 60 za triptofani kuwa miligramu 1 ya vitamini hii. Kwa hiyo maharage yasiondolewe chunguni kwa kudhaniwa kuwa ni kitoweo tu.

Zoezi

1. Gramu 1 ya trigonelini ikigeuka yote, itatoa gramu ngapi za asidi ya nikotini? (C=12, H=1, N=14, O=16)
2. Eleza kwa nini moto hufaa kwa buni, lakini mahindi huhitaji alikali.