Somo la Familia: Maharagwe 10

Kumbukumbu la Torati 6:7 inatuagiza wazazi kuwafundisha watoto tuketipo nyumbani na tutembeapo njiani. Mstari huo hautaji darasa. Basi sisi tuliokimbia bila vitabu tusiseme hatuna kitu.

Tunapochambua maharagwe, mtoto ahesabu 10, atenge 4, aseme yamebaki mangapi. (Walio chini ya miaka 3 wasichezee punje, huziingiza puani.) Tumwandikie jina lake mavumbini kwa kijiti, naye afuatishe. Tukienda kuchota maji, tumtajie kijiji tulikotoka na mto wake. Wengi wamezaliwa hapa kambini; wasipovisikia kwetu, watavijulia wapi?

Swali la nyumbani: Leo jioni mtoto wako atajifunza nini kwako?