Mada: Kiendeshi cha Kifaa Kisicho na Maelezo

Swali: Eleza hatua 4 za kuandika kiendeshi huria cha kifaa cha USB cha kunasa picha za televisheni, ikiwa mtengenezaji hakutoa maelezo yake.

Jibu: Kiendeshi ni programu inayowezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa.

1. Tambua chipu. Katika Linux, amri lsusb huonyesha namba ya mtengenezaji na ya bidhaa. Usitegemee jina la nje: vifaa vingi vilivyouzwa kwa jina EasyCAP vilifanana sura, lakini ndani vingine vilikuwa na STK1160, vingine SMI2021.
2. Rekodi mawasiliano ya kifaa na kiendeshi cha Windows.
3. Badilisha jambo moja tu, mfano mwangaza, uone namba ipi imebadilika.
4. Andika programu inayotuma amri hizo, ijaribu, kisha toa msimbo wake kwa wote.

Umuhimu: Mtengenezaji akikiacha kifaa, mwenye kanda za zamani za harusi bado ataweza kuzihamishia kwenye kompyuta.

Angalizo: Mtahiniwa anaweza kuandika "kunakili kiendeshi cha kampuni". Hilo ni kosa. Hapa tunachunguza mawasiliano, kisha tunaandika programu yetu wenyewe.