Msimwambie "Acha Kukufuru", Msikilizeni



Msimu wa korosho uliopita, mzee mmoja wa hapa Kiegei, wilayani Nachingwea, alinisubiri nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa. "Mwalimu," akaniambia, "kijana wangu hali, halali, shambani haendi. Juzi kasema amechoka na dunia. Mama yake kamwambia aache kukufuru. Tangu siku hiyo hasemi neno."

Niliona aibu. Jibu hilo la mama ndilo nililokuwa nikilitoa darasani miaka yote. Nilisomesha uharamu wa kujiua, nikaishia hapo.

Kujiua ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini tuisome aya ya 29 ya Surat An-Nisaa mpaka mwisho. Palepale anapokataza, Mwenyezi Mungu (s.w.t.) anatukumbusha kuwa Yeye anatuhurumia. Sisi tumeshika katazo, huruma tumeiacha. Bibi Maryam (a.s.), katika uchungu wa uzazi, alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Hakukemewa. Aliliwazwa, akaonyeshwa maji na tende (Surat Maryam, 23-26). Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika hata akapofuka macho. Nani atathubutu kusema hao walikuwa na imani haba?

Basi familia ifanye nini?

Kwanza, muulizeni waziwazi: "Mwanangu, unafikiria kujiua?" Wengi wanaogopa kwamba swali hilo litamtia wazo. Wataalamu wa afya wanasema sivyo. Swali la upole humpa nafasi ya kutua mzigo. Akijibu, msimhutubie wala msimwache peke yake.

Pili, ondoeni sumu za shambani nyumbani, zifungiwe mbali. Fikra ya kujiua mara nyingi huja kwa kishindo kisha hupungua, na anayevushwa saa ile huweza kuishi miaka mingi. Sri Lanka ilipopiga marufuku sumu kali za kilimo katika miaka ya 1980 na 1990, vifo vya kujiua vilishuka kwa zaidi ya nusu.

Tatu, mpelekeni hospitali. Sonona ni maradhi, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Kisomo na dua viendelee, lakini visiwe sababu ya kuchelewesha dawa. Mbona mwenye malaria tunamwombea dua na vidonge tunampa?

Nne, waliofiwa wasitengwe. Imam Muslim amepokea kisa cha mtu aliyehama pamoja na Tufayl bin Amr (r.a.), akaugua Madina, akashindwa kuvumilia, akajikata vidoleni hata akafa. Tufayl alimwota amesamehewa, isipokuwa mikono yake. Mtume (s.a.w.) aliposikia, aliiombea maghfira na mikono ile. Ikiwa Mtume alimwombea, sisi tunapata wapi ulimi wa kumhukumu maiti mbele ya mama yake?

Yule mzee alikwenda akamuuliza kijana wake. Kijana akalia, akasema yote, deni likiwamo. Usiku ule baba alilala chumba kimoja naye; asubuhi wakafuatana hadi hospitali ya wilaya. Bado anatumia dawa. Zipo siku nzito, lakini anazisema.

Ndugu yangu, usiku wa leo mtazame aliyenyamaza nyumbani kwako. Kaa naye, umuulize.

Wabillahi tawfiq.