Kasi Iliyoandikwa Kwenye Boksi: Somo Kuhusu Leza ya Kinasa DVD na Umeme Unaoiendesha

Mlaji anayenunua kinasa DVD, au diski tupu za kunasia, hukutana kwanza na tarakimu moja iliyochapishwa kwa ukubwa kuliko maandishi mengine yote ya boksi: 16x. Muuzaji humweleza kwamba kubwa ndiyo bora, na mlaji huondoka ameridhika. Katika somo hili tunaeleza tarakimu hiyo ina maana gani ndani ya mashine, ni kifaa kipi kinachobeba mzigo wake, na kwa nini diski ya harusi au ya ushahidi wa kesi, iliyochomwa kwa dakika chache dukani, huweza kukataa kusomeka inapofikishwa nyumbani au mahakamani.

Alama ya x husomwa “mara”. Kwa DVD, mara moja ni megabaiti 1.385 kwa sekunde, mwendo ambao hujaza diski ya gigabaiti 4.7 kwa muda wa dakika 56 hivi. Kwa CD, mara moja ni kilobaiti 150 tu kwa sekunde. Kwa hiyo CD ya 52x hupokea data kwa kiasi cha thuluthi moja tu ya kasi ya DVD ya 16x, na mlaji hana sababu ya kulinganisha tarakimu hizo mbili. Tena kasi ya 16x haipatikani kwenye diski nzima. Mashine nyingi huizungusha diski kwa mizunguko isiyobadilika, takriban 9,000 kwa dakika, na huanza kunasa kutoka ndani kwenda nje. Sehemu ya ndani hupita mbele ya leza polepole kuliko ukingo, hivyo kazi huanzia kama 6x, na 16x hufikiwa ukingoni tu. Ahadi ya boksi si uongo. Ni ukweli wa mwisho wa safari.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Diski ya kunasia mara moja ina utando mwembamba wa rangi, na leza nyekundu huupasha joto mpaka ubadilike na kuacha alama. Alama fupi kuliko zote za DVD ina urefu wa mikromita 0.4. Katika kasi ya 16x utando huo hupita mbele ya leza kwa mita karibu 56 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na alama fupi hupita yote kwa nanosekunde 7 hivi. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Katika nanosekunde 7 nuru yenyewe, isiyo na mshindani kwa mbio, husafiri mita 2 tu. Ndani ya muda huo saketi inayoendesha leza inatakiwa iiwashe, iifikishe kwenye nguvu kamili, kisha iizime. Mkondo wa umeme unapaswa kupanda au kushuka kwa muda wa nanosekunde moja hivi. Ukichelewa, alama huanza au huisha pasipostahili, na msomaji wa diski hukosea herufi.

Kikwazo cha kwanza ni waya. Kila waya hupinga mkondo unaotaka kubadilika ghafla, na kadiri waya ulivyo mrefu ndivyo upinzani huo unavyozidi. Katika kasi ndogo ubishi huo hauna madhara. Katika kasi kubwa hupotosha umbo la mkondo mzima. Wasanifu kwa sababu hiyo waliihamishia saketi ya kuendesha leza kwenye kichwa chenyewe kinachotembea chini ya diski, ubavuni mwa diodi ya leza, na utepe wa nyaya bapa ukaachiwa kazi ya kupeleka ishara ndogo tu.

Uamuzi huo ulitatua tatizo moja na kuzaa jingine, ambalo kwa maoni yetu ndilo linalomgusa mlaji zaidi: joto. Diodi ya leza haitoi nuru ya leza mpaka mkondo uvuke kizingiti fulani, na kizingiti hicho hupanda diodi inapopata joto. Mkondo uleule uliotosha mwanzoni mwa kazi hutoa nuru pungufu baada ya dakika chache. Mashine hujilinda kwa kitambuzi kidogo cha nuru kinachopima leza na kuiamuru saketi iongeze mkondo. Lakini mkondo ukiongezwa joto nalo huongezeka, na kichwa ni kidogo, hakina pa kulitolea.

Hapo ndipo ubora wa saketi unapoonekana. Tuchukue mfano wa hesabu. Umeme unaingia kwa volti 5. Diodi nyekundu inatumia volti 2.5, mkondo ni miliampia 200. Volti 2.5 zilizobaki huangukia kwenye transista za saketi na kugeuka kuwa joto la nusu wati, sawa na umeme wote uliochukuliwa na diodi yenyewe. Saketi iliyosanifiwa vizuri hupunguza upotevu huo kwa kutohitaji ziada kubwa ya volti. Leza ya zambarau ya Blu-ray ina tatizo la kinyume: huhitaji volti karibu 5 au zaidi ili kuwaka kwa nguvu ya kunasa, kwa hiyo volti 5 za kawaida hazitoshi, na mashine hulazimika kuupandisha umeme kwanza.

Mlaji mwenye kinasa chembamba cha nje, kile kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, ashike jambo hili. Tundu la kawaida la USB 2.0 linaruhusiwa kutoa miliampia 500, yaani wati 2.5 kwa ajili ya mota, leza na saketi zote kwa pamoja. Wakati wa kunasa kiasi hicho huweza kupungua mno, na ndiyo maana vinasa vingi vya aina hiyo vilikuja na waya wenye vichwa viwili. Kichwa cha pili si pambo, na muuzaji asikubaliwe akikiondoa kwenye boksi. Kinasa kinachofanya kazi nusu nusu kisitangazwe kuwa kibovu kabla hakijajaribiwa kwa waya wake mfupi wa asili, kikichomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta.

Jambo jingine halionekani kwa macho. Joto huendelea kuwepo hata leza ikizimwa, hivyo alama ndefu ikipigwa kwa nuru ya nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho hunenepa mkiani kama tone la maji. Saketi kwa hiyo haitoi pigo moja bapa. Katika kasi ndogo hukatakata nuru katika vipigo vidogo vidogo vilivyopangana kama meno ya kitana. Katika kasi kubwa hakuna muda wa kufanya hivyo, na pigo hupewa umbo lenye ncha mbili zilizoinuka na bonde katikati. Umbo linalofaa hutegemea rangi ya diski. Kila diski hubeba msimbo wa mtengenezaji wake, mashine huusoma, kisha hutafuta katika kumbukumbu yake umbo lililoandaliwa kwa diski hiyo. Kabla ya kunasa hufanya pia jaribio dogo karibu na kitovu cha diski ili kupima nguvu inayostahili.

Mashine isipoutambua msimbo, hukisia. Ndiyo sababu pakiti moja ya diski huweza kufanya vizuri kwenye kinasa kimoja na vibaya kwenye kingine bila mtu yeyote kufanya udanganyifu, na pengine tatizo huisha kwa kuweka toleo jipya la programu ya ndani ya kinasa. Udanganyifu nao upo: jina la boksi si lazima liwe la kiwanda kilichotengeneza diski, na msimbo wenyewe huweza kughushiwa.

Kwa diski zilizoandikwa 16x tunashauri kunasa kwa 8x. Muda unaoongezeka ni dakika chache, na saketi hupata nafasi maradufu ya kuchora kila alama. Wapo wanaoshauri kasi ndogo kuliko zote. Hatukubaliani nao, maana rangi ya diski hizo imeandaliwa kwa mapigo ya kasi kubwa, na 1x au 2x si lazima iwe salama zaidi.

Unapolipia huduma ya kunasiwa diski, mweleze mhudumu kasi unayoitaka kabla hajaanza. Akimaliza, mwombe aruhusu programu ilinganishe diski na faili la asili. Kazi hiyo huchukua dakika chache na programu nyingi za kunasia zina uwezo huo. Kisha diski ichezwe kwenye mashine nyingine, si ileile iliyoinasa, na isogezwe hadi sehemu za mwisho, kwa kuwa huko ukingoni ndiko kasi ilikokuwa kubwa na leza ilikokuwa na joto zaidi. Lipa baada ya hapo, udai risiti, na nakala ya asili isifutwe.

Kinasa kisifunguliwe kikiwa na umeme. Kikiwa kimefungwa hakina hatari, lakini nuru ya leza ya kunasia huweza kuunguza jicho, na ile ya CD, yenye mawimbi ya nanomita 780, karibu haionekani kabisa. Kwa mashine za zamani za kuchezea, fundi huweza kupendekeza kukaza skrubu ndogo iliyo kwenye kichwa ili “leza ipate nguvu”. Skrubu hiyo huongeza mkondo wa diodi iliyochoka: mashine husoma tena kwa muda, kisha diodi hufa mapema. Mwambie fundi asafishe lenzi kwanza, na kama kusafisha hakukusaidia, akupe bei ya kichwa kipya kabla hujakubali skrubu iguswe.